Jiwe Liachwe Katikati ya Njia

Mzee alikichomoa kijiti, akatembea nacho hatua chache kuelekea upande wa ziwa, akakichomeka upya. Aliporudi tulipokuwa tumesimama alijipangusa viganja kwenye suruali, akasema, "Haya, pigeni."

Tulikuwa Luchelele, Mwanza, jioni, kwenye malisho yaliyobanwa kati ya majabali na ziwa, ng'ombe wameshaswagwa kurudi nyumbani. Pale hapana uwanja wa gofu. Kuna nyasi zilizoliwa hadi zikawa fupi, kijiti kilichofungwa kipande cha kanga, na jabali moja refu kuliko mtu, limekaa katikati kabisa ya njia. Kushoto kwa jabali kuna ukanda mwembamba, halafu matete, halafu maji. Kulia ni peupe, pamepanuka, hata mtoto anaupiga mpira kule bila wasiwasi.

Binamu yangu alikuwa anapiga kulia jioni nzima, nami nikimfuata. Mkwaju wa kwanza kulia, wa pili kwenye kijiti, kazi imekwisha. Nani ajitie kwenye matete wakati kulia kuna uwanda mzima?

Kwa hiyo kijiti kilipohamishwa, binamu akapiga kulia vilevile. Wa pili aliupiga vizuri mno. Nilisikia ule mlio mkavu wa fimbo inapoupata mpira katikati. Ukatua karibu na kijiti, ukadunda mara moja, ukaanza kuserereka na mteremko. Ukaserereka hadi ukaingia kwenye matete.

"Mzee, umenionea."

"Sijakugusa, baba. Nimehamisha kijiti tu."

Kulia kulikokufa

Chini hapakubadilika kitu. Jabali lilikuwa palepale, matete palepale, nyasi zilezile. Ila ardhi yote ile imeinama kidogo kuelekea ziwani, na kijiti kilipokuwa kulia mwinamo huo haukumsumbua mtu. Kiliposogea kushoto, kila mpira uliotoka kulia ulikuwa unashuka kuelekea majini, na hakuna cha kuusimamisha. Anayetokea kushoto, kwenye ule ukanda mwembamba, anapiga akiukabili mwinuko. Mpira wake unapanda kidogo, unapoteza kasi, unatulia.

Maana yake ni kwamba upande salama ulikuwa na gharama, lakini gharama yenyewe inadaiwa kwenye mkwaju wa pili.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Miaka yote nimekuwa naangalia gofu kwenye televisheni nikiamini ugumu wa mchezo uko kwenye mkwaju ulio mbele yako: maji yale utayavuka au hutayavuka. Lile jabali la Luchelele halimzuii mtu yeyote. Ukitaka unalikwepa, na nafasi ya kulikwepa ni kubwa. Linachofanya ni kukutaka uamue mapema, kabla hujajua leo mkono wako ukoje, kama utajitia kwenye shida sasa ili baadaye upate nafuu, au utastarehe sasa na kuhangaika baadaye.

Mzee alikuwa kedi enzi za ujana wake, kule Kaskazini. Wengi wanadhani kazi ya kedi ni kubeba mkoba. Yeye anasema mkoba ndio sehemu nyepesi.

"Kedi mzuri hakuulizi unataka kupiga umbali gani," aliniambia siku nyingine, tukiwa tumekaa kivulini. "Anakuuliza wa mwisho unataka kuupigia ukiwa wapi. Mkikubaliana hapo, mnarudi nyuma mmoja mmoja mpaka mliposimama."

Shimo, yaani njia nzima tangu mkwaju wa kwanza mpaka kikombe cha kuingizia mpira, linasomwa kuanzia mwisho. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa kikombe hutobolewa mahali papya kila siku. Kina kipenyo cha milimita 108 tu, na griini, zile nyasi laini zinazokizunguka, inaweza kuwa kubwa kuliko kiwanja cha nyumba, lakini ukikisogeza kona nyingine umebadilisha maana ya kila kitu kilichoko nyuma yake, mpaka pale mchezaji anapopigia mkwaju wa kwanza.

Reli ya Woking

Nikaanza kusoma kuhusu watu wanaobuni viwanja. Nilichokutana nacho kilinishangaza kwa jinsi kilivyofanana na jioni ile.

Kuna klabu inaitwa Woking, Surrey, si mbali na London. Shimo lake la nne limepakana na reli upande wote wa kulia. Mpira ukivuka huko umetoka nje ya mipaka na unalipa. Wanachama walikuwa na dawa yao: piga katikati. Katikati palikuwa salama, na katikati ndipo kila mtu mwenye mkono wa kawaida alipokuwa anatua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanachama mmoja, Stuart Paton, ambaye yeye na mwenzake John Low walikuwa na sauti kubwa kwenye mambo ya uwanja, akachimba mabanka, yaani vishimo vya mchanga vya kunasia mpira, katikati ya njia. Palepale ambapo mikwaju mizuri ilikuwa inasimama.

Watu walikasirika. Nawaelewa kabisa. Mtu amepiga moja kwa moja, mbali, kama alivyofundishwa, na anakuta mpira wake umezama mchangani. Ni malalamiko ya binamu yangu neno kwa neno: umenionea.

Lakini tazama kilichobaki. Kushoto kwa mabanka bado kuna nafasi tele, na hakuna anayelazimishwa kuikaribia reli. Tatizo ni kwamba griini yenyewe inainamia kulia, kwa hiyo anayeijia kutoka kushoto anaona mpira wake unamkimbia. Anayeijia kutoka kulia anapokelewa. Na kulia ni ule ukanda mwembamba kati ya mabanka na reli.

Ni Luchelele tupu, pande tu ndizo zimegeuzwa. Reli imekaa mahali pa matete, mabanka mahali pa jabali. Mzee hajawahi kulisikia jina la Paton.

Mmoja wa waliokwenda kuyatazama mabanka yale wakiwa wamefura hasira alikuwa Tom Simpson. Akasimama pale, akaangalia, akaangalia tena, na hasira ikageuka kuwa kitu kingine. Aliishia kuwa mbunifu wa viwanja, kazi iliyompa jina Ulaya nzima. Nampenda mtu wa namna hiyo, anayekwenda kulalamika na kurudi na kazi ya maisha.

Swali lililonibakia ni hili: nani alituambia katikati ndipo pazuri? Nikikumbuka viwanja vingi ninavyoviona kwenye televisheni, mabanka yako kushoto na kulia, miti kushoto na kulia, na katikati wazi. Mchezaji anapewa amri: piga hapa. Akitii analipwa, akikosea anaadhibiwa, na kati ya hayo mawili hana la kufikiria. Uwanja wa namna hiyo unaweza kuwa mgumu sana na bado ukawa haumuulizi mtu chochote.

Mahali pasipo na kuchagua

Mfano mashuhuri kuliko yote ni shimo la 17 la TPC Sawgrass, Florida, uwanja wa Pete Dye uliofunguliwa mwaka 1980. Griini imezungukwa na maji, umbali wa mita kama 125. Kilichonivutia ni chanzo chake. Walikuwa wamechimba mchanga mahali pale kwa ajili ya kujengea sehemu nyingine za uwanja, shimo likawa kubwa mno, na Alice Dye, mke wa Pete na mbunifu kwa haki yake mwenyewe, ndiye aliyetoa wazo la kulijaza maji na kuiacha griini kama kisiwa.

Nami hubana pumzi wachezaji wanapofika pale, kama watu wote. Lakini bingwa wa dunia na mwalimu wa sekondari anayecheza Jumamosi wanapokea amri moja: fika. Huyu mwalimu, ambaye mkwaju wake wa mita 125 unafanikiwa mara moja moja, hana njia ya pembeni. Hawezi kusema, "Leo nitakubali kupoteza mkwaju mmoja ili nisipoteze minne."

Huku kwetu ziwani kuna kisa cha kweli kinachofundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Klabu ya Nyanza, Kisumu, katika miaka ya 1950 ilikuwa na kanuni yake ya ndani: mpira ukisimama karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji anaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama, bila adhabu. Watu huisimulia kanuni hiyo kwa kucheka. Mimi naona waliokuwa wakiiandika walielewa jambo zito. Kiboko hawezi kuwa sehemu ya hesabu ya mchezaji. Mbele ya kiboko hakuna "nijaribu" wala "nisijaribu", kwa hiyo wakamwondoa mchezoni kwa kalamu. Kikwazo kinafaa pale tu ambapo mtu mwenye akili timamu anaweza kuchagua kukikaribia.

Mtu aliyejitoa na daktari aliyepima

Mwaka 1921 kijana wa Kimarekani, Bobby Jones, alikwenda kucheza The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, pale St Andrews, Scotland. Uwanja ule umepanuka ajabu. Griini saba kati ya zake zinabeba mashimo mawili mawili. Kwa jicho la mgeni ni shamba lenye mabonde na mabanka yaliyotupwa ovyo, mengine usiyaone kabisa kutoka unapopigia. Jones alihangaika, na kwenye shimo la 11 la duru ya tatu akaokota mpira wake akajitoa.

Hakuukimbia uwanja moja kwa moja. Alirudi, akaujua, akashinda pale The Open ya 1927, na mwaka 1958 mji wenyewe ukampa heshima ya kuwa mwenyeji wake. Kilichokuwa kimebadilika ni macho yake: alianza kuuona upana ule kama njia nyingi zilizolala bega kwa bega, kila moja na siku yake kufuatana na upepo na kilipo kikombe.

Mwenzake katika kuuelewa uwanja ule alikuwa daktari, Alister MacKenzie, aliyekuwa amehudumu katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini na kuvutiwa na jinsi wapiganaji wa Kiburu walivyojua kujificha ndani ya ardhi. Alipima St Andrews na kuichora ramani mwaka 1924. Kisha yeye na Jones wakabuni Augusta National, uwanja wa Georgia, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1933. Njia zilikuwa pana, mabanka machache. MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya Masters ya kwanza, mashindano makubwa ya kila mwaka ya uwanja huo, kwa hiyo hakuona mashindano hata mara moja pale.

Shimo la 13 la Augusta ndilo nililolitazama tena na tena baada ya ile jioni ya Luchelele. Ni la mikwaju mitano, yaani mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa mitano, linapinda kushoto, na kijito kinafuata upande wa kushoto kisha kinakata mbele ya griini. Ukiupeleka wa kwanza karibu na kijito, umefupisha njia na umepata mahali tambarare pa kusimama. Ukikimbilia kulia, hakuna maji, ila sasa uko mbali zaidi na mpira uko juu ya miguu yako kwenye mteremko, mahali ambapo fimbo ya mtu wa mkono wa kulia huupeleka mpira kushoto, na maji bado yako mbele ya griini.

Na asiye na nguvu? Anapiga mitatu mifupi, anafika, anapata mikwaju mitano yake. Hakuna anayemfukuza. Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika habari hii yote: uwanja unaompa mnyonge njia yake, huku ukimsumbua mwenye nguvu kwa kumwonyesha kitu anachokitamani.

Hesabu zilizonitia mashaka

Nilikuwa nimeridhika kabisa na maelezo haya mpaka nilipokutana na kazi ya Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Yeye alichukua kumbukumbu za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, iliyopimwa mmoja mmoja kwa vifaa, na kuhesabu kila mahali mpira unapolala pana thamani gani. Moja ya matokeo yake linawauma wazee wengi wa mchezo. Ile desturi ya kupiga mfupi makusudi ili ubakize "umbali wangu ninaoupenda" kwa kawaida inakupotezea. Kama hakuna hatari kubwa njiani, sogea karibu kadiri uwezavyo.

Chukua shimo la 10 la Riviera, karibu na Los Angeles, kazi ya George Thomas ya miaka ya 1920. Ni fupi, chini ya mita 300, griini nyembamba iliyokaa upande upande, mabanka pande zote. Kwa miongo mingi watu walibishana: ulenge griini kwa mkwaju mmoja, au upige mfupi kushoto kisha uingie kwa pembe nzuri? Rekodi za mashindano zilipokusanyika, zikaelekea upande mmoja. Wanaolenga griini, kwa jumla, hutoka na wastani bora kidogo. Siku hizi wengi wao wanapiga tu.

Nililala vibaya. Kama jibu lipo kwenye kompyuta, basi "uchaguzi" ninaousifia ni ujinga wa kutojua hesabu, na siku kila mtu akijua hesabu, jabali la Luchelele litakuwa jiwe tu.

Nguvu nazo zimeongeza tatizo. Mwaka 2023 Augusta walirudisha nyuma mahali pa kuanzia pa shimo la 13 kwa karibu mita 32, kwa sababu vijana wa siku hizi walikuwa wanaipita kona kwa juu, na kijito hakikuwatisha tena. Desemba mwaka huohuo wasimamizi wa mchezo duniani, R&A na USGA, wakatangaza masharti mapya yatakayopunguza umbali wa mpira. Ni watu wanaohangaika kurudisha swali ambalo limejibiwa.

Nilimpelekea Mzee mashaka yangu, nikamweleza habari za wastani kadiri nilivyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wastani wa nani?" akauliza.

Beck na Van de Velde

Masters ya 1993, siku ya mwisho. Chip Beck yuko nyuma ya Bernhard Langer kwa mikwaju mitatu. Amefika shimo la 15, la mikwaju mitano, bwawa liko mbele ya griini, naye yuko umbali wa zaidi ya mita 210. Akapiga mfupi, kabla ya maji. Langer akashinda kwa tofauti ya minne, na mpaka leo Beck anatajwa kama mtu aliyeogopa.

The Open ya 1999, Carnoustie, Scotland. Mfaransa Jean van de Velde anaongoza kwa mitatu akiwa kwenye shimo la mwisho. Anahitaji sita tu kutwaa kombe. Akachukua fimbo kubwa. Wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukadunda kwenye ukuta wa kijito, ukaangukia kwenye majani marefu. Wa tatu ukazama kwenye kijito. Tunamkumbuka amevua viatu, amekunja suruali, amesimama majini. Alimaliza kwa saba, wakaingia marudiano watu watatu, na Paul Lawrie, aliyekuwa ameianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, akaondoka na kombe.

Mmoja alilaumiwa kwa woga, mwingine kwa ushupavu. Ukiweka mikwaju yao kwenye jedwali la wastani, huenda Beck hakukosea sana kwa mtu anayetaka kumaliza na alama nzuri. Ila yeye hakuhitaji alama nzuri. Alihitaji mitatu, mashimo yaliyobaki yalikuwa machache, na nafasi ilikuwa ile. Van de Velde alikuwa na mitatu mkononi, na kwa kweli ule mkwaju wake wa pili haukuwa wa kichaa. Kama mpira ungebaki jukwaani angedondosha mwingine bila adhabu, na leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Tunawahukumu kwa kilichotokea. Siwezi kuamua kwa uhakika kama Mfaransa yule alichagua vibaya, na nimejaribu.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la Mzee. Broadie hakukosea. Hesabu zake zinasema nini hufaa kwa mikwaju maelfu ya watu wenye mkono fulani. Hazijui kwamba uko nyuma kwa mitatu. Hazijui kwamba wewe, binafsi, ukiwa na hofu mpira wako hukimbilia kulia. Kwa watu wa kulipwa, ambao mikono yao inakaribiana, jibu moja linaweza kuwafaa wengi, na ndiyo maana Riviera imeegemea upande mmoja. Kwa sisi wa malisho, ambao mmoja anapiga mita 200 na mwingine 90, shimo lilelile lina majibu mengi kama lilivyo na watu.

Na kuna upepo. Luchelele asubuhi ziwa limetulia, hewa imesimama. Kuanzia mchana nchi kavu imepata joto, upepo unaingia kutoka ziwani na kuvuma kuelekea nchi kavu. Pale kwetu ni kutoka kushoto kwenda kulia. Saa mbili asubuhi ule ukanda wa kushoto unatisha, kwa sababu mpira ukienda kushoto umeenda. Saa tisa alasiri unaweza kuuanzisha mpira juu ya matete yenyewe na upepo ukaurudisha. Hapohapo, anayetoka kulia anapiga kuukabili upepo, na mpira unaosukumwa nyuma unasimama mapema, kwa hiyo kulia kunafufuka kidogo. Jiwe moja, kijiti kimoja, na kati ya asubuhi na alasiri jibu limegeuka.

Mwanza ina mawe tayari

Nasema haya nikiwa na jambo la vitendo moyoni.

Tunaishi juu ya granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Watalii wanapiga picha Jiwe la Bismarck. Sisi tunajenga Igogo na Mabatini katikati ya majabali, na kuna familia zinazokula kwa kupasua kokoto. Kila ninapomsikia mtu akiota uwanja wa gofu kando ya ziwa, jambo la kwanza analolitaja ni kusawazisha: mawe yaondolewe, ardhi ilainishwe, maji yaletwe karibu, griini iwekwe ukingoni ipendeze kwenye picha.

Naomba iwe kinyume chake. Mawe yabaki, ziwa liachwe.

Kuhusu ziwa, sheria yenyewe imeshasema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na waliokuwa hapa mwaka 2020 wanakumbuka maji yalivyopanda na kuingia kwenye mashamba na majumba. Tena mbolea inayoifanya griini iwe kijani kama kwenye televisheni hailali pale inapomwagwa. Mvua ikija inashuka ziwani, na magugu maji yanaishi kwa chakula hichohicho. Uwanja wa mashimo 18 unataka hekta 60 hivi. Sitaki hekta 60 za mbolea juu ya maji tunayokunywa.

Mawe ni habari nyingine. Jabali moja lililokaa mahali pake linafanya kazi ya mabanka matano, halihitaji kumwagiliwa wala kulimiwa, na mtu analiona tangu mbali, kwa hiyo halimvizii. Mbunifu mwenye macho angetembea kwanza, siku nyingi, akitafuta jabali lenye njia pande zote mbili na mwinamo nyuma yake. Hapo ndipo pa kuweka shimo. Mashimo tisa yanatosha, kwenye malisho ambayo ng'ombe wataendelea kuyala asubuhi.

Mtoto anayepiga mita 60 lazima awe na njia yake bila kuruka kitu chochote. Hilo kwangu halina mjadala.

Linalonitatiza ni griini. Zamani viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa na griini za mchanga uliochanganywa na oili na kushindiliwa, na mchezaji akilainisha njia ya mpira wake kabla ya kupiga. Oili karibu na ziwa siitaki, lakini mchanga mtupu uliomwagiwa maji kidogo unawezekana na gharama yake ni ndogo. Shida ni kwamba mchanga unashika mpira. Mpira ukitua unakwama, hauserereki. Na kila nilichokieleza tangu mwanzo, Woking, Augusta, malisho yetu, kinategemea mpira kuserereka upande usioutaka.

Mzee anasema mwinamo usiwekwe kwenye griini kabisa. Uwekwe mbele yake, kwenye nyasi, hatua kama ishirini za mwisho, na griini ya mchanga iwe ndogo, tambarare, mwisho wa mteremko. Anayetoka upande mzuri mpira wake utapanda na kuingia. Anayetoka upande mbaya ataona unapita pembeni kabla haujaugusa mchanga. Binamu anaona itakuwa rahisi mno kwa anayepiga juu na kutua mchangani moja kwa moja. Mimi naelekea kwa Mzee, ila sijaona kwa macho yangu griini ya namna hiyo ikichezwa kipindi cha masika, mchanga ukiwa umelowa.

Kama umecheza kwenye griini za mchanga, iwe Shinyanga, Tabora au ng'ambo ya ziwa, niandikie: mwinamo mliuweka wapi, na mvua ikinyesha mlifanyaje?